Sauti ya Kapteni Asani Redioni

Asubuhi ile Ziwa Tanganyika lilikuwa shwari. Pale bandarini Kalemie mabaharia wa meli yetu ndogo ya kivita walikuwa wakifua nguo, na Kapteni Asani alinitania kwamba nimeolewa na redio. Mimi nilikuwa mwanajeshi wa nchi kavu. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na meli ikiwa majini.

Mchana zikaja habari kwamba waasi wanavuka ziwa upande wa kusini. Meli ikang'oa nanga.

Jua lilikuwa bado juu nilipomsikia Kapteni. "Tunapigwa. Wana mizinga mlimani."

Halafu: "Injini imekufa."

Nyuma yake watu walikuwa wakiitana kwa majina.

Kamanda wetu, aliyesimama karibu yangu, akasema nimwambie Kapteni kwamba boti mbili zinakuja kuwachukua.

"Musitume mutu," Kapteni akajibu. "Watakufa bure. Umesikia, Furaha? Musitume mutu."

Kamanda akavua kofia. Boti hazikuondoka.

Nilimwita Kapteni mpaka sauti ikanikauka. Hakuna aliyerudi.

Miaka mingi baadaye, hapa Stockholm, nilimkuta kanisani mjane wa Kapteni, Mama Aline. Anaishi Södertälje, mji wa jirani. Siku zote aliamini kwamba jeshi lilimtupa mume wake na mabaharia wake. Jumapili moja akaja kwangu Farsta na binti yake.

"Dada Furaha, banasema ni wewe ulikuwa kwa redio. Juu ya nini hamukuwafuata?"

Nikamweleza, neno kwa neno.

Binti akamuuliza kitu kwa Kiswidi. Mama yake akaendelea kunitazama mimi.

"Kumbe ni yeye alikataa."

"Ni yeye, mama."

"Na mimi, hakunitaja?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana. Hakupata nafasi."

Akavaa koti lake taratibu. Niliwasindikiza hadi kituoni. Tukiwa tunangoja treni akaniuliza, "Na wale wa boti mbili, wako hai?"

"Wengi wao. Wana wake, wana watoto."

"Wana bahati," akasema. Treni ikaja, wakapanda.

Hatujaigusa tena habari hiyo. Kanisani ananisalimu vizuri, ananiuliza hali. Lakini mimi bado namsikia mume wake, hata nikiwa naosha vyombo, hata ndani ya basi lililojaa watu. Mama Aline angetoa chochote amsikie mara moja tu, na mimi sina namna ya kumpa.