Uzi Ananunua Nani?

Juzi, kwenye kibanda cha kutuma pesa hapa Rumonge, mama mmoja alitaka kumtumia garanti, yaani pesa ya dhamana ya vifaa, mtu wa simuni aliyemwahidi kazi ya kuunganisha tochi nyumbani.

Dada wa kibandani alisimamisha kidole juu ya simu, hakubonyeza.

"Mama, ukisuka wavu kwako, nani ananunuaka uzi?"

"Mwenye wavu. Anauleta mpaka mulangoni."

"Na huyu wa tochi?"

Mama akazifunga noti zake kwenye pindo la kitenge. Lakini hakuondoka.

"Sasa ziwa wamelifunga ili samaki wazaane, hakuna anayeleta uzi. Nifanye kazi gani?"

Sisi wa kwenye foleni, wepesi wa kuwatambua matapeli, tukatazama viatu vyetu. Tapeli angalau alikuwa na jibu.