Kiti Chini ya Swichi

Nyumba yangu ipo juu, banda la gari lipo chini, na kati yake umelala mteremko wa migomba, kahawa na mfongo. Anayeijua Machame hatauliza kwa nini. Asiyeijua na aelezwe kwamba kihamba, shamba la ukoo alilotuachia marehemu baba, kipo ubavuni mwa mlima, na kwamba masika yakishika hakuna gari linalopanda hadi mlangoni kwangu. Mfongo ni mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu. Unapita kihamba hadi kihamba, na kila kaya hufungulia maji kwa zamu yake. Nilipostaafu kufundisha Kilatini nilijenga banda kando ya barabara, mahali pekee katika urithi wangu penye ardhi ya usawa. Jirani na banda hilo ipo nyumba ya kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba yetu, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa mfongo.

Umeme wa banda niliuchukua kwake. Wazo lilikuwa lake.

"Toa kwangu, mdogo wangu," aliniambia. "Waya wa nini kuushusha kutoka huko juu? Mgrevilea mmoja ukianguka, utaokota nyaya shambani mpaka Krismasi."

Nikamshukuru, na sehemu yangu ya malipo nikawa naitoa bila kukumbushwa. Waya ukatoka ukutani mwa sebule yake, ukavuka ua, ukaingia bandani na kuwasha taa moja. Swichi ya taa hiyo ilibaki sebuleni kwake, kando ya mlango, chini ya kalenda ya kanisa.

Kisha wakaja wageni kutoka Kilema kumposa binti yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo tukalitoa gari, tukafagia sakafu, tukapanga viti bandani. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwapo ya kutosha, na mbuzi aliiva vizuri. Katika ukoo wetu kidari cha mbuzi wa shughuli humwendea mkubwa wa ukoo, isipokuwa pale mwenye shughuli anapoamua kumheshimu mgeni. Baba yetu aliwahi kufanya hivyo, na kaka alikuwapo akiona. Nami nikaagiza kidari kipelekwe kwa mshenga wao, mzee mmoja mwenye mzaha mwingi. Kaka aliitazama sahani ile ikimpita. Akajipangusa mikono taratibu, akanong'ona kwamba anakwenda kujisaidia.

Nilikuwa nimesimama, nikitoa neno la kuwakaribisha wakwe, taa ilipozimika.

Laiti giza lingekuwa la wote, nisingeandika habari hii. Lakini mlango wa banda ulikuwa wazi, na ng'ambo ya ua dirisha la kaka yangu liling'aa vilevile. Kila aliyekuwa na macho aliliona. Kisha sauti ya mshenga ikatoka gizani, mdomo ukiwa umejaa kidari, ikinitania kwa cheo cha chifu:

"Mangi, kumbe huku Machame hata mwanga ni wa zamu, kama mfongo?"

"Basi tungojee zamu yetu!" akadakia mwenzake.

Walicheka mpaka viti vikalia. Nilimalizia hotuba yangu kwa kurunzi za simu, na katika mwanga ule mwembamba nilimwona binti yangu ameinamisha kichwa, kanga imemfunika hadi machoni. Kaka alirudi wakati sahani zinakusanywa. Taa ilikuwa imekwisha kuwaka.

"Poleni jamani," alisema. "Fyuzi zile za kizamani."

Neno la mshenga lilishuka mlimani haraka kuliko mvua ile. Nikienda kupeleka kahawa, naulizwa, "Mwalimu, zamu ya mwanga imefika?" Nikitoka kanisani, vijana wa kwaya wananisindikiza kwa kicheko. Kaka alikuwa mbele yao, Biblia kwapani, akiitikia salamu za watu.

Sikumgombeza. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, kama desturi inavyodai. Hasira za watu wengine huvunja vyombo. Yangu ilichukua kamba ya kupimia. Nilipima kutoka ukuta wa nyumba yangu hadi ukingo wa mfongo, na kutoka mfongo hadi banda. Nikasoma vitabu vya nyaya kwa uangalifu uleule niliokuwa nikisomea sarufi. Kisha nikamwita fundi umeme kutoka Kiboriloni, kijana mcheshi asiyenyamaza, nikamweleza ninachotaka: kebo ya kuzikwa ardhini, yenye ganda la nyuzi za chuma, itoke kwenye breka yake yenyewe ya kukatia umeme ndani ya nyumba yangu, bandani pawe na kisanduku kidogo cha breka, fimbo ya shaba ya ethi ya kuzamishwa ardhini, soketi mbili, na taa tatu ndefu.

"Tatu, mzee?" akasema. "Unaegesha gari au unafungua kiwanda?"

"Tatu."

"Na swichi niiweke nje, chini ya kibaraza? Ukija na mvua usihangaike."

"Iweke ndani, ukuta unaotazamana na mlango, kimo cha bega la mtu aliyeketi. Na kila mtu atakayekuwa bandani aione."

Akanitazama. "Mzee wangu, swichi siyo picha ya harusi."

"Hii ni zaidi ya picha ya harusi," nikamjibu, naye akacheka kwa kudhani ninatania.

Kizuizi kilikuwa mfongo. Kaka alipoona mtaro unashuka kuelekea mferejini, alikuja na fimbo yake akasimama ukingoni.

"Msomi, mfongo wa babu haukatwi," alisema. "Kanuni unaijua."

Niliijua vizuri kuliko yeye. Kanuni inakataza kukata maji yanayotiririka. Hivyo nikangoja siku ya msaragambo, siku ambayo mfongo hufungwa huko juu na kila kaya hutoka na majembe kuusafisha. Siku ile maji hayakuwapo. Nikaja na bomba gumu la plastiki, tukalipitisha chini kabisa ya kitanda cha mfongo, tukarudisha mawe yote mahali pake. Wazee walichungulia, wakaona hakuna kilichovunjwa. Na kwa kuwa udongo uliofukuliwa ukiachwa legelege maji huvuja, mwenyekiti mwenyewe ilimbidi asimame pale aamuru ushindiliwe.

"Shindilieni vizuri," alisema, akiwa ameutazama mlima na si mimi.

"Ahsante, kaka," nikasema.

Mtaro ukalazwa mchanga, kebo juu yake, mchanga tena, kisha safu ya matofali ili jembe la baadaye lipate onyo, na udongo ukarudi. Jioni taa zilipowaka, mwanga ulitoka bandani ukavuka ua wote mpaka kwenye kibaraza cha kaka. Nikaufungua ule waya wa zamani, nikauviringa vizuri, nikampelekea.

"Shikamoo kaka. Waya wako."

Hakusema marahaba. Nilirudi nyumbani kwa hatua nyepesi, lakini sikutosheka. Mtu aliyezimiwa taa mbele ya wakwe hatosheki kwa kuwa na taa.

Masika yaliyofuata binti yake naye akaposwa. Ua wake ulikuwa tope tupu, na sebule yake haikutosha hata nusu ya wageni. Alikuja kwangu mchana, amevaa koti la kanisani, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo. Isale ndio mmea wa mipaka yetu, na ndio msamaha wetu. Anayeletewa jani lile hana ruhusa ya kukataa, hata angekuwa amechomewa nyumba. Aliliweka mezani.

Mke wangu akanikazia macho. "Baba, isale hilo."

"Sijakataa," nikasema. Nikalipokea kwa mikono miwili. "Banda ni lako siku hiyo, kaka. Na taa."

"Zote?"

"Zote tatu."

Akasitasita. "Na swichi?"

"Swichi ipo ukutani. Haihami."

Siku yenyewe nilitangulia bandani, nikaweka kiti chini ya swichi, nikaketi. Wageni walipojaa, kaka alinijia akitabasamu kwa ajili ya macho ya watu.

"Mdogo wangu, njoo mbele ukae na wazee."

"Hapa panatosha, kaka. Mgongo wangu unapenda ukuta."

Isale linakataza kukataa. Halisemi mtu akae wapi. Kaka alisimama kutoa neno, mgongo wake ukielekea mlangoni. Nilipoinua mkono kujikuna shingo, alinyamaza katikati ya sentensi. Nikaushusha, akaendelea. Baadaye kidogo nikajikuna tena. Wakwe zake wakaanza kutazamana, wasijue mzee huyu anatafuta nini ukutani.

Mbuzi akaletwa, na kidari kikawekwa mbele ya kaka, mkubwa wa ukoo. Wakati huohuo taa zikazimika, zikawaka. Umeme wa mlima mzima ulikuwa umepepesa. Sisi tuliotazama mlangoni tuliona hata dirisha lake likifa na kufufuka. Yeye peke yake hakuona. Mimi mikono yangu ilikuwa magotini.

Aliinuka na sahani. Akalivuka banda lote, mbele ya wakwe zake, akainama mbele yangu mimi, mdogo wake.

"Hiki chako," alisema.

"Hujakosea mtu, kaka?"

"Hapana. Chako, mdogo wangu. Kula."

Nikakipokea. Mke wangu akaniinamia sikioni: "Mwambie umekatika kote. Si wewe."

Maisha yangu yote ya kazi nimesahihisha makosa ya watu kwa wino mwekundu, hata yale madogo yasiyomdhuru mtu.

"Nitamwambia," nikasema.

"Lini?"

"Zamu yake ikifika."

Kidari kile kilikuwa kigumu, nami nilikitafuna polepole mpaka kikaisha, wakwe wakitazama. Jani la isale limekauka kwenye rafu ya vitabu vyangu. Kaka bado hajaambiwa.