Kipimo cha Msaada

Niliingia Lubumbashi nikiwa nimekaa juu ya kreti ya mashine. Nilikuwa dereva wa pili wa lori. Tulitoka Ndola, tukakwama mpakani Kasumbalesa siku nne kwenye foleni, nami ndiye niliyeilinda. Fundi aliyekuja kuifunga mashine hiyo kwenye kliniki alinikuta bado nazungukazunguka pale, akanifundisha kuiendesha. Nikabaki miaka sita, mimi ambaye sikuwahi kumaliza miwili mahali pamoja.

Ilikuwa roboti ya mazoezi kwa waliopigwa na kiharusi. Unaufunga mkono wa mgonjwa kwenye mkono wa chuma, naye anajaribu kufuata nukta kwenye skrini. Anaposhindwa, mashine inamalizia. Kiasi cha kumalizia tulikiita kipimo cha msaada, na kazi yangu ilikuwa kukishusha kila wiki, ili ubongo ujifunze upya.

Mkuu wa mazoezi ya viungo, Madame Shefu, alinionya siku ya kwanza: "Usihurumie muntu hapa. Mashini ikifanya yote, mukono inalala."

Mgonjwa wangu Papa Ilunga, dereva mstaafu wa treni, au mashinisti kama wasemavyo huko, alitaka jambo moja tu: kufinyanga bukari, ugali wa kwao, kwa mkono wa kuume, mezani na watoto wake.

"Zamani mi njo nilikuwa nakokota mawagon," alinitania. "Leo mi njo wagon. Weye mashinisti, kokota!"

Kila niliposhusha kipimo, nukta ilimkimbia, naye akageukia ukuta. Siku moja nikakipandisha kidogo. Skrini ikaandika kwa kijani: Bravo.

"Ona! Iko inatembea!" Alicheka mpaka machozi.

Kesho yake nikapandisha tena. Nikaendelea hivyo miezi miwili, ile ya mwanzo baada ya kiharusi, ambayo ubongo hujifunza zaidi.

Akatualika kwake, mimi na Madame Shefu. Bukari ikaletwa, na sombe, yaani kisamvu. Mkono wa kuume ulifika ukingoni mwa sahani, ukakaa. Akauinua kwa ule wa kushoto, akauweka pajani.

"Mwana," akaniambia bila hasira, "ungeleta mashini yako hapa pa meza."

Asubuhi Madame Shefu alifungua rekodi za mashine. "Ulikuwa nasaidia nani? Ye ao weye?"

Hakunifukuza. Alianza naye upya mwenyewe. Vidole viwili vikapata kujikunja, basi. Papa Ilunga alidhani ni mkono wake tu uliokataa. Sikumwambia.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtapewa mashine nzuri kuliko yangu. Siku niliyoondoka kabisa, begi likiwa mlangoni, niliufunga mkono wangu mwenyewe, nikaweka kipimo kile nilichompandishia Papa Ilunga, nikafumba macho, nisifanye lolote. Nilipofumbua, skrini ilikuwa ya kijani: Bravo.