Waya wa Kidhibiti

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la duka, Nyangwine huweka kiganja mgongoni mwa friji la soda na kukiacha hapo kidogo, kichwa kimeinama, kama mtu anayempima mtoto homa. Majirani zake hapo Sirari humcheka. Hawajui kwamba kwa miaka kumi na mmoja alizipima hivyo seva mbili za kampuni ya wakala wa forodha, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha.

Nyaraka zote za mizigo zilikuwa humo. Seva zikizimika, malori husimama mpakani na madereva huanza kutukana kwa lugha tatu. Siku ya kumzika baba yake kule kijijini Genkuru, simu iliita jeneza likiwa bado halijashushwa. Seva imeganda, na hakuna mwingine wa kuigusa. Nyangwine ni mtoto wa kwanza. Yeye ndiye alipaswa kutangulia kutupa udongo. Alipanda pikipiki, akaenda kubonyeza kitufe kimoja. Udongo akatupa mdogo wake.

Ndiyo maana alifurahi makao makuu ya Dar es Salaam yalipoleta seva mpya zenye kidhibiti ndani. Kidhibiti ni kompyuta ndogo iliyofungwa humo humo, yenye tundu lake la waya. Seva ikifa, chenyewe hubaki macho mradi umeme upo ukutani. Mtu aliye mbali huingia humo, akaona kioo cha seva kana kwamba amekaa mbele yake, akaizima, akaiwasha.

Kazi ya kuunganisha alipewa yeye. Angeweza kuchomeka waya wa kidhibiti kwenye mtandao uleule wa ofisi, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini mtandao huo ukikatika, kidhibiti nacho kingepotea. Akaleta ruta ya pembeni, akaitia laini ya Kenya, maana mnara wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, hushika vizuri pale ofisini, akakipa kidhibiti njia yake peke yake.

Kisyeri, mlinzi wa lango, alisimama mlangoni akimtazama.

"Mura, hiyo laini ya Wakenya ya nini?"

"Mtandao wetu ukikatika, Dar wapitie huku."

"Wakipitia huku, wewe watakuitia nini?"

"Kazi nyingine hazikosi."

"Zipi? Kufagia kuna mama Happy. Lango nina mimi. Chomeka huko pamoja na nyaya nyingine, ukikatika wakulilie! Msomi mzima unajifukuza kazi mwenyewe."

Nyangwine alicheka, akakaza waya.

Miezi mitatu baadaye, Jumanne mchana, wajenzi wa barabara walikata mkongo wa intaneti, umeme nao ukaruka na kurudi, seva kubwa ikaganda. Nyangwine alikuwa juu ya paa kule Genkuru, akiezeka jiko la mama yake. Aliyepiga simu ni Selestine, fundi wa makao makuu.

"Nashuka sasa hivi," alisema Nyangwine.

"Kaa huko huko, kaka. Nimeshaiwasha. Hiyo njia yako ya Kenya ni dawa! Dakika nne tu."

Mama yake aliuliza kutoka chini kama leo tena anaitwa.

"Siitwi tena, mama," alijibu kwa fahari, akaendelea kugonga misumari.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ilimsifu. Ilisema mfumo uliounganishwa kwa ustadi umewezesha kituo cha Sirari kuendeshwa kutoka makao makuu, hivyo nafasi yake imeondolewa. Selestine alipandishwa cheo, akaandika mwongozo wa kuunganisha vituo vyote vya mipakani kwa njia hiyo hiyo, laini ya nchi jirani ikiwemo. Jina la Nyangwine halimo. Kisyeri ndiye aliyetumwa kupokea funguo za chumba, na alizipokea akitazama malori. Lango bado linahitaji mtu.

Binti wa Nyangwine, Wegesa, anasomea kompyuta chuoni, mwaka wa pili. Likizo hii alikaa dukani wiki nzima akipanga kreti na kusoma. Siku ya mwisho, begi likiwa tayari, akauliza.

"Tata, kama ungejua, ule waya ungeuchomeka wapi?"

"Kwenye mtandao wa ofisi," alisema Nyangwine.