Utamfungua Lini?

Nakumbuka siku moja ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, mwanangu, siku ambayo ningependa nipewe tena, lakini siku hazirudi. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Pembe ililia asubuhi pale Vudee, na kila nyumba ikatoa watu kwenda kuzoa tope la ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Mume wangu alikuwa ameondoka alfajiri kurudi kwenye kazi ya mkonge huko bondeni. Binti yetu Namkunda, wa miaka sita, alinifuata akimlilia baba yake njia nzima.

Tulipofika mbele ya watu nikamfinya. "Nyamaza! Huoni watu wanatutazama?"

Akanyamaza papo hapo. Nikajisifu moyoni.

Mama mkwe wangu, karai la tope kichwani, akasimama. "Umemziba?"

"Amenyamaza, mama."

"Sikuuliza hilo. Ndiva tunaiziba jioni, asubuhi tunaifungua. Huyu utamfungua lini?"

"Mama, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

"Haya, mwalimu. Na leo umemfunza nini?"

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka nao. Nililelewa hivyohivyo, baba akisikia kilio alisema, "Ngoja nikupe cha kulilia." Sikuwahi kujiuliza kama ilinifaa.

Tangu siku ile Namkunda hakulia tena. Baba yake akiondoka, yeye huyo anachukua mtungi kwenda kuchota maji. Majirani walimsifu, nami nikazipokea sifa.

Akaolewa kijiji cha Kifaru, huko bondeni. Mtoto wake wa kwanza alipofariki, nilishuka mlima kwenda kumfariji. "Shikamoo, mama," akasema, akanipa kigoda, akanichemshia chai, akanisimulia maziko kama anayesimulia mvua iliyonyesha kwa jirani. Mumewe akaninong'oneza kwamba halali usiku, na mlango ukigongwa anatetemeka.

Nikamwambia, "Lia, mwanangu."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Nianzie wapi, mama?"

Sisemi kule kumfinya mara moja ndiko kulikomvunja. Kufiwa na mtoto humvunja yeyote. Ila wapo wanaovunjika wakiwa na pa kumwagia, na wapo tuliowaziba.

Nilikaa naye majuma matatu. Siku ya mwisho, tukichambua maharage, nikamwambia, "Siku ile ya ndiva nilikukosea." Mikono yake ikasimama. Hakulia. Alisogeza kigoda chake karibu na changu, basi.

Mwanangu, nimechoka, sina mengi. Mtoto akilia, usitazame kwanza nani anawatazama. Muulize kinachomliza, kisha usikie jibu, hata likiwa la kitoto. Mkanye ujeuri, usimkanye huzuni. Na ukikosea, maana utakosea, usingoje mvi ndipo useme, "Nimekosa."

Mungu akupe nyumba ambayo watoto hulia kwa sauti na wakubwa husikia. Maji yenu yapate mfereji kabla hayajabomoa ukingo.