Ndoo Ambayo Sikuipokea

Mke wangu aliniambia nihame nikiwa nimeshika kabureta. Nilikuwa barazani kwetu Newala, mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho imefunguliwa mbele yangu, naye alikuwa anapita na ufagio. Hakusimama hata. Alisema, "Korosho zikiisha, utafute pa kwenda," akaendelea kufagia kuelekea jikoni. Nilimaliza kwanza kusafisha kabureta, kwa sababu mwenye mashine alikuwa anakuja saa nane. Kisha nikamfuata kumwuliza kosa langu.

"Kosa huna," akasema. "Ungekuwa na kosa ningekusamehe. Wewe umekuwa mpangaji."

Kwa watu wa upande wa mke wangu, ardhi na mikorosho ni mali ya ukoo wa mama. Mwanamume huja kwa mkewe, hujenga, hulima, na ndoa ikivunjika anayeondoka ni yeye, na mkeka wake na shoka lake. Mimi ni mtu wa Masasi. Nilikuja Newala nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikajenga nyumba ya matofali hatua arobaini kutoka kwa mama mkwe, nikalea watoto watatu ambao sasa wana nyumba zao mbali. Nina miaka hamsini na mmoja. Katika mikorosho yote niliyoipulizia, hakuna hata mmoja ulio wangu. Asubuhi iliyofuata nilikuta mkeka wangu umekunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango, na shoka limeegemezwa pembeni yake. Mke wangu hakuwa na haja ya kunieleza.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu nilivyonunua Masasi na kwa kufungua vitu vilivyoharibika. Nina utaratibu mmoja: kifaa kikigoma, rudi nyuma mpaka siku ya mwisho kilipofanya kazi, halafu tafuta kilichobadilika. Kwa hiyo nilipomsikia mshauri wa ndoa redioni akisema kwamba wanandoa waliochokana warudi walikopendana wakiwa vijana, nilimdharau lakini sikuzima redio. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukunjiwa mkeka. Rudini mlipokutana, alisema, mle mlichokula, mzungumze mlivyozungumza. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ushauri wake ulifanana na utaratibu wangu.

Nikachukua daftari la kazi nikaandika.

Tulikutana kwenye njia ya majini. Siku hizo huku juu hapakuwa na bomba la kutegemea. Kiangazi wasichana walishuka alfajiri mpaka kwenye chemchemi iliyo chini ya mteremko, upande wa bonde la Ruvuma, wakapanda na ndoo kichwani. Katikati ya mpando kuna jiwe pana, kimo cha kifua, ambalo mtu anaweza kutua ndoo juu yake bila kuinama. Wote walipumzika hapo. Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, nimekuja kujifunza kazi kwa fundi wa mashine. Asubuhi kabla ya kazi nilikwenda kukaa kwenye lile jiwe na ming'oko, ile mizizi ya porini iliyo nyembamba kama kidole, niliyoichemsha kwa chumvi na kuifunga kwenye jani la mgomba. Kiangazi kizima binti mmoja alikaa pale muda mrefu kuliko wenzake. Wenzake wakiondoka yeye alibaki, akala ming'oko yangu, akaniita mtu wa Masasi asiyejua kiu. Mvua zilipoanza nilimwandikia barua ya posa mjomba wake, nikaitia katika bahasha, shangazi akaipeleka. Ilikubaliwa.

Hayo ndiyo niliyoandika. Ulikuwa ukurasa mmoja, na nilipousoma sikuona kilichopungua.

Nilikwenda Masasi kutafuta pampu ya mafuta, na pale stendi nikanunua ming'oko. Jumapili nikamwambia mke wangu twende tukatembee njia ya majini. Nilitegemea akatae. Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya lita ishirini.

"Ndoo ya nini? Bomba lilitoka jana."

"Majini haendi mtu mikono mitupu," akasema. "Labda wewe, ndivyo ulivyozoea."

Njia imeota majani, kwa sababu wanaoipita sasa ni wachache, bomba likikauka. Alitangulia. Pale njia inapoanza kushuka tulikutana na jirani yetu akitoka shambani na jembe begani.

"Mama watoto, unampeleka wapi huyo?"

"Namrudisha kwao."

"Masasi si huku."

"Atapotea kidogo, halafu atafika."

Walicheka wote wawili. Jirani alinitazama mkononi, akaona kifurushi cha jani la mgomba, akacheka tena peke yake.

Tulipofika kwenye jiwe nikafungua kifurushi na kukiweka juu, upande uleule wa zamani. Mke wangu hakukaa.

"Umeitoa wapi?"

"Masasi, stendi."

"Imelala." Akachukua mmoja, akamenya, akautafuna taratibu. "Na chumvi haina."

Nikamwambia nilichokuwa nimejiandaa kusema. "Unakumbuka ulikuwa unakaa hapa mpaka jua linapanda?"

"Nakumbuka. Unajua nilikuwa nasubiri nini?"

"Ulikuwa unanisubiri mimi."

"Wewe ulikuwa umeshafika. Aliyefika hasubiriwi."

Hapa lazima nieleze desturi ya njia ile, kwa sababu vijana waliokulia na bomba hawaijui. Kijana akipokea ndoo ya binti pale kwenye jiwe, haruhusiwi kuitua tena mpaka mlangoni kwa mama wa binti. Hasemi neno. Mama huuliza, "Nani kaleta maji?" na binti hujibu. Mama akiyaingiza ndani, kijana anaweza kutuma wazee. Akiyamwaga uani, kijana anarudi kwao na nguo zilizolowa, na kijiji kizima kimeona.

"Kiangazi kizima," mke wangu akasema, "natua ndoo hapo, nakaa, nakula mizizi yako, naangalia mikono yako. Halafu najitwika mwenyewe napanda. Wenzangu wananiambia, huyo anakunenepesha, atakuchinja lini? Mama anauliza, nani kaleta maji? Nasema, mimi. Kesho anauliza tena. Mimi. Mpaka akaacha kuuliza. Unajua mama yangu kuacha kuuliza jambo maana yake nini?"

"Nilileta barua."

"Ulituma barua. Aliileta shangazi yako."

Akasogea karibu.

"Miaka yote hii unawaambia watu, mimi mtu wa Masasi, desturi zenu sikuzijua. Watu wanacheka, na wewe unacheka. Mimi pia nimecheka. Sasa nakuuliza mara moja tu, baba watoto. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua. Shangazi aliniambia katika wiki yangu ya kwanza, kwa sababu alikuwa ananiona nikitoka alfajiri na ming'oko. Alinieleza yote, pamoja na habari ya maji kumwagwa. Nami niliamua, kwa hesabu zangu za kijana, kwamba barua ni salama zaidi. Barua ikikataliwa, inakataliwa ndani ya bahasha. Baada ya harusi watu walipouliza kwa nini sikupokea ndoo, nilisema sikujua, na uongo huo ulikuwa mwepesi kuutunza kwa sababu ulichekesha.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Kisha akachukua ming'oko, mmoja baada ya mwingine, akawa anaitupa bondeni, bila haraka, kila mmoja akiusindikiza na neno. Alianza kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kimakonde, ambacho baada ya miaka ishirini na tisa bado nakifuata nusu. Nilichokielewa kilitosha. Aliniita mwoga mwenye mwandiko mzuri. Alisema nilimfanya aolewe kama mtu anayeajiriwa. Jani lilipobaki tupu akalitupa nalo, likarudishwa na upepo miguuni kwangu.

Nilimtazama, na jambo ninalotaka kuliandika kwa usahihi ni hili: uso ule niliufahamu. Haukuwa uso wa mwanamke aliyepita barazani na ufagio. Yule alikuwa hana hasira na mimi, na ndiyo sababu alikuwa ananifukuza. Huyu alikuwa na miaka kumi na tisa, ana ugomvi na mimi, na ulikuwa haujaisha. Mshauri wa redio hakusema kwamba ukirudi ulikopendwa utamkuta hapo mtu uliyemkosea akiwa bado amesimama.

Akachukua ndoo, akashuka. Nikamfuata. Chemchemi ipo, imezungukwa na matope na nyayo za mbuzi. Alijaza ndoo mpaka juu, akaweka juu vijiti vyenye majani ili maji yasirukeruke, akasokota kanga kuwa kata. Nikainama nimtwike.

"Usiniguse."

Akaipandisha gotini, kisha kichwani, mwenyewe. Ana miaka arobaini na minane. Alipanda mbele yangu bila kushika ndoo kwa mkono, nami nilihema kabla yake.

Kwenye jiwe akatua. Akakaa. Akavua kata akaiweka kando ya ndoo, akatazama bondeni. Hakunitazama mimi. Nilijua anasubiri, na kwamba safari hii hatasubiri kiangazi kizima.

Nikaweka kata kichwani, nikachukua ndoo.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nililisoma hilo nikiwa na miaka ishirini, na nimewafundisha watoto wangu watatu. Sikuwahi kulipeleka kwenye ile ndoo. Kwenye ukurasa wangu niliandika jiwe, ming'oko, maneno na saa, lakini kilo ishirini sikuziandika, kwa sababu zilikuwa juu ya kichwa cha mtu mwingine. Hatua ya kumi shingo yangu ilianza kutetemeka. Maji yaliruka yakaingia kwenye kola.

"Nyoosha shingo," akasema nyuma yangu. "Hujainamia mashine."

"Nyamaza kidogo."

"Sinyamazi. Nilinyamaza vya kutosha njia hii hii. Na usishike kwa mikono miwili, utaanguka nayo."

Nilishika kwa mikono miwili. Mara mbili nilitaka kuitua, na mara zote mbili alisema, kwa utulivu, "Itue tu. Kuna barabara ya kwenda Masasi." Sikuitua.

Tulipoingia kijijini, jirani yetu alikuwa ameshapata muda wa kuwaeleza wengine. Walikuwa wamekaa wanawake wanne uani kwake.

"Fundi, bomba limekatika?"

"Halijakatika," mke wangu akajibu. "Huyu ndiyo kwanza anafika."

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini pake. Kwa heshima ya ukwe, miaka yote nimemsalimia nikiwa mbali, nimesimama kwenye mpaka wa uwanja wake. Siku hiyo niliuvuka uwanja na maji yakinitiririka mgongoni, nikatua ndoo mbele ya miguu yake. Zaidi ya robo ilikuwa imemwagika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaitazama ndoo kwa muda mrefu, kisha akamtazama binti yake. Macho yake yamepungua nguvu, lakini hakuwa anahitaji kuona. "Nani kaleta maji?"

Mke wangu alikawia kujibu.

"Huyu," akasema.

Mama mkwe akatumbukiza mkono kwenye ndoo, akasugua vidole, akaunusa mkono. "Ni machache," akasema, "na yana majani." Hakuyamwaga. Hakuyaingiza ndani pia. Aliosha miguu yake kwa maji yale, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, yote mpaka ndoo ikabaki tupu, akaturudishia. "Kwa kunywa, mlete mengine."

Nimekwisha kuleta mengine. Kila Jumapili nashuka na ndoo, hata bomba likitoka, na mke wangu anafuatana nami mikono mitupu, akinisema njia nzima. Kuna siku anarudia makosa ya mwaka wa kwanza wa ndoa, kuna siku ya wiki iliyopita. Najibu, na mara nyingine najibu vibaya. Hatujashikana mikono kama mshauri wa redio alivyotaka, na sidhani kama tutashikana. Lakini pale kwenye jiwe anakaa, na hainuki mpaka nipokee.

Korosho zimekwisha, hata za mwisho zimeshapelekwa ghalani. Hajarudia maneno yake ya ufagio, nami sijamwuliza. Mkeka bado umesimama nyuma ya mlango, na shoka liko pembeni yake.

Jana kuni zilikuwa nene. Nikamwuliza kama naweza kulichukua shoka nikachanje.

"Chukua," akasema, bila kugeuka. "Ukimaliza, lirudishe pale pale."

Nikachanja, nikalirudisha.