Ngazi ya Kumi na Mbili

Katika mitaa ya bondeni, mto mkuu wa ufalme unapogawanyika mikono saba na watu wamebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi, kila nyumba ina milango miwili. Mmoja uko chini, wa kiangazi. Wa pili uko juu, wa mafuriko, na mbele yake umefungwa mtumbwi. Ngoma ya mto ikilia, watu huzima moto, hubeba watoto, kuku na magodoro, hupanda, na kwa miezi mitatu mtaa mzima huishi ghorofani.

Bi Chupa alikuwa mwandishi wa maji kwa miaka ishirini na sita. Kila asubuhi aliteka maji ya mto kwa chupa, akaiweka dirishani mpaka tope litue, kisha akaandika rangi yake daftarini. Tope jekundu lilimaanisha mvua imenyesha milimani na mafuriko yatafika baada ya siku tatu. Halafu alipima kina mahali pawili: kwenye nguzo ya mfalme iliyosimamishwa matopeni mbele ya kasri, na kwenye ngazi kuukuu nyuma ya soko la samaki, zilizochongwa katika mwamba wenyewe. Mistari ya nguzo ililingana na ngazi, na kila ngazi ilikuwa na namba yake. Maji yakifika kumi na mbili, ngoma hupigwa. Wakubwa walisoma nguzo tu. Nguzo ilinukia ubani. Ngazi zilinuka samaki.

Siku moja asubuhi shemeji yake, mfinyanzi, aliingia bila hodi, udongo umemganda mpaka viwikoni.

"Shemeji, tumekwisha! Bwana Kipimo kaagiza ngoma ipigwe adhuhuri. Eti maji yako mstari wa kumi na mbili."

Bwana Kipimo ndiye ofisa wa kasri aliyeshika amri ya ngoma.

"Tanuri lako limebakiza siku ngapi?"

"Mbili. Nikizima leo, vyungu vyote vinapasuka. Na si langu tu, matanuri arobaini! Nusu mwaka wa jasho la mtaa mzima. Hebu sema, hizo chupa zako zinasemaje?"

Bi Chupa alitazama dirishani. Maji yalikuwa maangavu, na chini yake tope la kijivu, jembamba kama ukucha. Akafungua daftari.

"Ngazi zinasema kumi."

"Na nguzo kumi na mbili. Nani muongo?"

"Hakuna muongo. Kuna aliyebebeshwa mzigo."

Kila mfalme alipotawazwa aliongeza jiwe lenye nembo yake juu ya kichwa cha nguzo. La saba liliwekwa siku ishirini zilizopita, na lilibebwa na wanaume thelathini, maana mfalme mpya hakutaka kuzidiwa na baba yake. Tangu siku hiyo nguzo na ngazi hazikupatana tena. Bi Chupa alikuwa ameandika barua mbili kwenda kasri. Kimya.

Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Tena alijua fika: akikosea, maji yatawakuta watu vitandani. Alirudia hesabu yake mara tatu, akatia daftari kwapani, akatoka.

Gatini kwa mfalme, mpiga ngoma alikwisha kuifunua ngoma.

"Mama," Bwana Kipimo alisema, "nguzo haina mdomo. Itadanganyaje?"

"Sijasema inadanganya, Bwana. Nasema imezama topeni. Naomba uje usimame nami mahali."

"Wapi?"

"Nyuma ya soko la samaki."

Mpiga ngoma alikohoa kuficha kicheko.

Bwana Kipimo alikwenda, leso puani, wauzaji wakimwita, "Karibu mkubwa, wabichi hawa!" Bi Chupa akamsimamisha kwenye ngazi yenye namba kumi na mbili.

"Viatu vimelowa?"

"Havijalowa."

"Basi mstari unaotaka kuupigia ngoma ndio huo ulioukanyaga."

Bwana Kipimo akashuka ngazi moja. Vumbi. Ya kumi ndiyo iliyokuwa na maji. Alichukua daftari, akapekua siku zote ishirini, akakuta na nakala za barua.

"Hizi zilinifikia," alisema taratibu. "Nilidhani ni malalamiko ya samaki."

Bi Chupa alizirudisha daftarini.

"Na kama umekosea?"

"Nitakaa mlango wangu wa chini. Maji yatanianza mimi."

"Na mfalme nimwambie nini? Kwamba jiwe lake limezamisha nguzo?"

"Mwambie ni zito. Atafurahi."

Ngoma ikafunikwa. Baada ya siku mbili matanuri yakafunguliwa, na shemeji yake akapita mtaani akigonga kwa kidole chungu kimoja baada ya kingine, vikilia vizima, huku akimwambia kila aliyekutana naye, "Huyo ni shemeji yangu, bwana. Shemeji yangu wa damu!" Hakuna aliyejisumbua kumsahihisha.

Siku ya tisa chupa ikawa nyekundu. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Bi Chupa alimkuta Bwana Kipimo amemtangulia kwenye ngazi, bila leso, na nyuma yake mpiga ngoma na soko zima.

"Bi Chupa," aliuliza mbele ya watu wote, "tupige?"

Aliinama, akapitisha kiganja ukingoni mwa ngazi ya kumi na mbili. Maji yalipita juu yake, baridi na mazito. Akajifuta mkono, akaandika kwanza, kama siku zote.

"Pigeni," alisema.